Tupime Mwamba Wetu

Ndugu msomaji, kama wewe ni mvuvi, unajua kuwa samaki wengi hula na kujificha kwenye miamba ya matumbawe. Matumbawe si mawe. Ni wanyama wadogo wenye uhai. Mwamba ukifa, dema huibuka tupu.

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe, na mengi yakafa. Baruti na juya nazo zimeharibu miamba mingi.

Utajuaje kama mwamba wenu unapona au unakufa? Macho peke yake hayatoshi, maana kila mtu hukumbuka anavyopenda. Inafaa kupima na kuandika. Mkoani Tanga, mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994 uliwafundisha wanavijiji kazi hii.

Kazi yenyewe ni hii. Bahari ikitulia, tandazeni kamba ya mita 20 juu ya mwamba. Zamia na miwani. Kila baada ya nusu mita, tazama kilicho chini ya kamba: matumbawe hai, matumbawe yaliyokufa, mwani au mchanga. Andika kwa kalamu ya risasi juu ya kibao cha plastiki. Utapata alama 40. Kama 10 ni za matumbawe hai, basi robo ya mahali hapo ni hai. Rudieni mwaka ujao, mahali pale pale.

Nami nina kosa la kukusimulia. Siku moja nilikwenda kupima pamoja na wanakisomo wangu. Kamba ilipita penye kifusi kitupu. Tukaisogeza mpaka penye matumbawe mazuri, nami mwalimu nikanyamaza. Nilitaka kijiji kisifiwe. Tuliporudi ufukoni, mzee mmoja aliyejifunza kusoma uzeeni aliitazama karatasi, akasema, "Mwalimu, hii si hesabu ya mwamba. Ni hesabu ya tamaa yetu."

Nikaona haya. Kesho yake tulirudi, tukaiacha kamba ilale ilipoangukia. Hesabu ilikuwa ndogo, ikatuuma. Lakini ndiyo iliyosomwa mkutanoni, na ndiyo iliyowafanya wavuvi wakubali kuupumzisha mwamba ule.

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Andika unachokiona, si unachokitamani.