Safari Yetu katika Mashamba ya Mizabibu ya Dodoma



Mwezi wa Agosti uliopita, mahindi yalipokwisha kuingia ghalani, Padre wetu alituita, sisi na mwalimu mwenzetu wa kigango cha jirani, akasema, "Walimu, divai ya Misa imekaribia kwisha. Kila mara twaletewa sandukuni, wala Wakristo hawajui itokako. Safari hii mtaifuata wenyewe huko Dodoma. Tazameni jinsi inavyofanyizwa, na mkirudi mwaeleze watu."

Tulifurahi, na tena tuliona haya kidogo. Kwa miaka ishirini tumewafundisha watoto habari za mkate na divai. Mkate twaujua tangu ngano ikiwa shambani, lakini mzabibu hatukuwa tumeuona kwa macho yetu hata siku moja. Mtoto mmoja alipotuuliza mzabibu ni mti gani, tulimjibu upesi kwamba wafanana na mkarakara, kisha tukaendelea na somo ili asiulize tena.

Basi tuliondoka Iringa alfajiri, baridi ikituuma, katika gari la abiria. Njia yashuka mpaka Mtera, kwenye bwawa kubwa la mto Ruaha Mkuu, ambako akina mama huja madirishani na samaki wakavu. Hapo tulivua makoti. Mbele yake nchi yabadilika kabisa: mibuyu iliyosimama bila majani, vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na ng'ombe wakiinua vumbi. Tulifika Dodoma jioni, mji ule ulioteuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, tukalala misioni.

Mtu atokaye nchi yenye mvua aiangaliapo Ugogo hujiuliza watu wa huko waliishije. Mvua ya mwaka mzima ni yapata milimita 550 hata 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa. Wazee wa Kigogo husimulia hata leo habari za njaa iitwayo Mtunya, iliyowaua watu wengi sana mwishoni mwa vita vya 1914 hata 1918 na baada yake. Walakini ukavu huo huo, unaouonea mtama na mahindi, wapendwa na mzabibu. Zabibu zikinyeshewa zikiwa mbivu hupasuka na kuota ukungu. Zikipata jua kali na usiku wenye ubaridi, utamu wake huzidi. Dodoma iko juu, yapata mita 1100 toka usawa wa bahari, na kwa hiyo usiku wake una ubaridi.

Mizabibu hiyo haikuota yenyewe. Katika miaka ya 1950 mapadre wa Misioni ya Bihawana, si mbali na mji, waliipanda huko, na kwa sababu ya altare ilikuwa lazima wafikiri juu ya divai. Toka hapo ikaenea. Wafungwa wa gereza la Isanga waliilima, wanakijiji wakajifunza, na huko Makutupora kuna kituo cha serikali cha uchunguzi wa mizabibu. Aina moja ya zabibu nyekundu imepewa jina la Makutupora, na hiyo ndiyo tuliyoikuta katika mashamba mengi. Kuna pia nyeupe iitwayo Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa.

Asubuhi tulipelekwa katika shamba la bibi mmoja wa Kigogo, mjane, ambaye ana ekari moja na nusu. Tulimsalimu, "Kamwene," kwa mazoea ya kwetu, naye akacheka akatujibu, "Mbukwenyi," kisha akatushika mikono akatuingiza kati ya mistari. Hapo tuliuona mzabibu. Una vishikizi vinavyojizungusha penye waya, basi yule mtoto hatukumdanganya kabisa. Lakini shina lake ni la mti hasa, jeusi, lenye magamba, limepinda kama mkono wa mzee. Matawi hulazwa juu ya waya uliofungwa katika nguzo, na vichala huning'inia chini ya majani, vingine vizito kuliko kilo.

Bibi alikuwa na mkasi mkononi. Upande mmoja wa shamba alikuwa amekwisha kuvuna, na sasa alikuwa akipogoa. Tulidhani atakata ncha tu, kumbe alikata karibu kila kitu. Tawi lenye urefu wa mtu alilibakiza urefu wa kidole. "Nabakiza macho mawili," alisema, "mengine yote chini." Mwenzetu alishtuka akamwuliza, "Mama, mbona waumaliza mti?" Bibi akajibu kwamba usipoukata namna hiyo utajaa majani, nawe utakula majani. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa theluji, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Huku kwetu hakuna wa kuulaza, basi mkasi ndio uuamshao. Baada ya kupogoa huchipua, na baada ya miezi minne hivi zabibu huiva. Kwa hiyo Wagogo huvuna mara mbili, mara moja mvua zinapokaribia kwisha, na mara ya pili wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sukari zaidi. Yale ya masika husumbuliwa na ugonjwa uitwao ubwiri unga, ambao hufanya majani yaonekane kama yamemwagiwa unga, nao huzuiwa kwa vumbi la kiberiti. Sisi tumehubiri mara nyingi juu ya mzabibu wa kweli na matawi yake, lakini hatukujua kwamba kupogoa ni kukali namna ile.

Tulimwuliza kama kilimo hiki chamfaa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba kwa zabibu alijenga nyumba ya bati na kuwasomesha wajukuu wawili. Lakini akaeleza kwamba mwaka mmoja mnunuzi aliyeagana naye hakuja. Matangi yalikuwa yamejaa, akaambiwa. Zabibu hazingoji kama mtama, nazo haziwekwi ghalani. Alisubiri siku nne, ndege wakala, nyuki wakaja. Siku ya tano aliwaita majirani wakakamua walizoweza, nyingine wakawapa mbuzi. Hayo yaliyokamuliwa huko huitwa mchuzi wa zabibu, na yeyote mwenye matangi ya kuutunza huweza kungoja bei. Yeye hakuwa na tangi ila ndoo. Mwenzetu aliposikia neno mchuzi aliuliza kwa unyofu kama huliwa na ugali, na bibi alicheka hata akaketi chini. Tulikula kwake ugali wa uwele na mlenda, tukaondoka saa nane. Alimpa mwenzetu vijiti vitatu vya mzabibu vilivyokatwa asubuhi ile, vimefungwa katika gunia lililoloweshwa maji, akamwambia, "Kapande, uone."

Jioni ile tuliingia katika kiwanda kimoja huko Hombolo, upande wa kaskazini-mashariki ya mji. Kijana msimamizi alituonyesha yote kwa subira. Zabibu hupondwa kwa mashine, vijiti vikatengwa. Alichukua zabibu nyekundu akaiminya mbele yetu, na maji yake hayakuwa mekundu. Wekundu wa divai watoka katika maganda. Kwa hiyo wakitaka divai nyeupe hukamua kwanza na kutupa maganda, na wakitaka nyekundu huacha maganda yachache pamoja na mchuzi kwa siku kadhaa. Chachu hula sukari, ikatoa kileo na hewa. Sukari ikiwa gramu 17 hivi katika lita, hutoa kileo sehemu moja katika mia. Kwa chupa moja ya kawaida huhitajiwa zabibu zaidi ya kilo moja. Kazi hiyo ya chachu huleta joto, na joto likizidi divai huharibika, basi matangi ya chuma hupozwa usiku na mchana. Alituonya tusiinamie tundu la tangi, kwa maana ile hewa itokayo ni nzito na haina harufu, na mtu akiingia bila kujihadhari huweza kufa humo.

Hapa tuliwakumbuka wale watuulizao kila mwaka, "Mbona ulanzi wetu hautumiki altareni?" Ulanzi hugemwa katika mianzi, ni kinywaji cha mababu zetu, wala si kibaya kwa asili yake. Lakini sheria ya Kanisa yadai divai ya kweli ya tunda la mzabibu, isiyoharibika, kwa sababu ndiyo aliyoitumia Bwana katika karamu ya mwisho. Kijana alijua sheria hiyo vizuri kuliko tulivyotazamia, akatutengea sanduku la divai isiyotiwa kitu kigeni.

Kisha alituketisha mezani, akapanga bilauri tano kwa kila mtu. Alitufundisha kuinua bilauri kwenye mwanga tuone rangi, kuitikisa kidogo, kunusa, ndipo kuonja. Kando aliweka ndoo, akasema kwamba wajuzi huonja wakatema. Basi, wasomaji, sisi tulilelewa kwamba kutema kinywaji cha mwenyeji ni kumtukana. Ndoo ile hatukuitazama. Nyeupe ilikuwa na ukali mwepesi kama embe lisiloiva vema. Ile ya Makutupora ilikuwa na ukakasi mdomoni, kama mtu aliyetafuna ganda la ndizi mbichi, lakini baadaye ikaacha ladha nzuri iliyokaa muda mrefu. Ya mwisho ilikuwa tamu, nzito, nasi tuliipenda kuliko zote, jambo ambalo kijana alitabasamu kulisikia.

Mwenzetu hakugusa hata moja. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mimi niliweka nadhiri." Kijana alisihi mara moja, mara mbili, akamwambia ni tone tu. Sisi tuliona haya mbele ya mwenyeji, na badala ya kumtetea mwenzetu tulivuta bilauri zake tano tukazinywa. Tulikuwa tumekula saa saba mchana, na sasa ilikuwa saa moja usiku. Tulipoinuka, sakafu haikuwa mahali tulipoiacha. Mwenzetu alitushika kwapani kwa mkono mmoja, na sanduku la divai ya Misa akalibeba begani, hata garini.

Hatuna budi kueleza jambo la aibu kuliko hilo. Katika mafungo ya walimu, Komunyo itolewapo katika maumbo yote mawili, mwenzetu hupokea Hostia tu, kisha huondoka mstarini kabla ya kalisi. Tuliliona hilo kwa miaka, tukalitafsiri kuwa ni kiburi, au mashaka ya imani, na siku moja tulimnong'oneza mwalimu mwingine habari hizo. Hatukumwuliza mwenyewe.

Usiku ule alituambia bila kuulizwa. Kabla hajawa mwalimu alikunywa ulanzi kila masika, mwezi baada ya mwezi. Siku moja mtoto wake alikuwa na homa, akatumwa zahanati kuchukua dawa. Alipita kilabuni. Akaamka kulipokucha, kando ya njia, dawa ikiwa mfukoni. "Mtoto alipona," alisema, "lakini si kwa ajili yangu. Jirani alimbeba usiku hata hospitali. Toka siku hiyo sijaonja. Mimi najijua, Mwalimu. Nikionja siwezi kukoma. Nilimweleza Padre, akaniambia Kristo yu mzima katika Hostia, hapunguki kitu. Basi mimi humpokea hivyo."

Sisi hulifundisha jambo hilo hilo kila mwaka, katika somo la Ekaristi. Tulimwambia yote tuliyomwazia na tuliyoyanena, tukamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, gari likipita gizani penye mibuyu. Ndipo akasema, "Yule uliyemwambia, mwambie tena." Baadaye kidogo akaongeza, "Tena leo umekunywa vya kwangu vyote, kwa hiyo kichwa cha kesho ni chako peke yako." Na kweli kilikuwa chetu.

Tulirudi salama. Yule mwalimu mwingine tulimwendea Jumamosi kwa miguu, maili tisa, tukamweleza. Jumapili baada ya Misa tuliwasimulia Wakristo habari za shamba, na matangi, na bibi na mkasi wake. Tulisimulia pia habari za ndoo na miguu yetu, kwa sababu mwenzetu alikuwa ameketi benchi la mbele akitungoja. Akina mama walicheka sana. Baada ya ibada mtu mmoja, ambaye hatutamtaja, alimfuata mwenzetu nyuma ya kanisa, wakazungumza hata saa nane.

Vile vijiti vitatu alivipanda kando ya jiko, mahali penye jua. Kimoja kilikauka. Cha pili kililiwa na mbuzi. Cha tatu, tulipopita juzi, kilikuwa na majani manne na kishikizi kimoja kinachotafuta pa kushika, naye alikuwa akikichomekea fito.