Benchi la Nyuma



Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliwagawa wanafunzi mafungu mawili: wepesi mbele, wazito nyuma. Nilijitetea nikisema kwamba somo ni moja, ubao ni mmoja, na mwalimu ni mmoja. Basi nani amedhulumiwa? Kabla mwaka haujaisha, msichana mmoja wa benchi la nyuma hakunyosha mkono tena, hata kwa swali alilolijua.

Nilimkumbuka siku niliposoma habari za Mahakama ya Juu ya Marekani. Mnamo mwaka 1896, katika kesi ya Homer Plessy, fundi viatu aliyeketi katika behewa la Wazungu, mahakimu saba waliamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi si kosa, mradi kila upande upewe vilivyo sawa. Hakimu mmoja tu, John Marshall Harlan, aliyezaliwa katika jamaa yenye watumwa, alikataa. Neno lake halikubadili kitu siku ile, lakini liliandikwa.

Miaka 58 ikapita. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi yenye jina la Oliver Brown, mzazi wa mji wa Topeka, mahakimu wote tisa walisema kwa sauti moja kwamba shule zilizotengwa haziwezi kuwa sawa. Hawakuishia kuhesabu vitabu na madarasa; walitazama moyo wa mtoto. Waliona kwamba kumtenga na wenzake kunamfanya ajione duni, na jeraha hilo huenda lisipone kamwe.

Hata hivyo, hukumu haikujitimiza yenyewe. Mwaka 1957, mjini Little Rock, wanafunzi tisa weusi waliingia shuleni wakilindwa na askari waliotumwa na Rais Eisenhower. Maneno ya mahakimu yalingoja miguu ya vijana.

Mahakama isiyo na nyingine juu yake ilikubali kuiacha hukumu yake mbaya. Mimi, mwalimu wa darasa moja, niliona haya kubadili mpango wa mabenchi. Nilipowachanganya wanafunzi, yule msichana alikuwa amekwisha kuacha shule.

Vijana wangu, mnapokutana, tazameni ni nani anayeketi nyuma siku zote. Msimwambie kwamba sote tu sawa. Msogeeni, mumpe nafasi kati yenu, mapema, kabla hajaondoka.