Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kambini Burnt Forest

WAHENGA walinena kwamba safari ni hatua. Mimi nakuongezea, mpenzi msomaji, kwamba safari ni sanduku pia. Ulichokitia ndani kitakufaa, na ulichokisahau kitakukumbuka njiani. Hayo niliyajua mwezi wa Agosti 2023, nilipomsindikiza mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, hadi chuo kimoja cha Kikristo kilicho nje kidogo ya mji wa Burnt Forest, njia ya kwenda Eldoret.

Alikuwa amepata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya juma moja kwa wanafunzi wa sekondari. Wangelala bwenini, wasome Biblia, wajadili maisha yao ya baadaye, wacheze na kufanya kazi za mikono. Barua ya mwaliko, iliyoandaliwa pamoja na wageni kutoka Marekani, iliyaita mafunzo ya "majira ya joto". Nasi watu wa mjini, ambao huamini kila kilichopigwa chapa, tukamfungia binti nguo za majira ya joto: blauzi za mikono mifupi, viatu vya kitambaa vyeupe pepepe na kofia ya kujikinga na jua.

Ole wetu! Tulipoteremka kwenye stendi ya Burnt Forest saa saba na nusu mchana, tulipokelewa na mvua ya mawe. Vile viatu vyeupe havikudumu hata dakika tano.

Msomaji, sikia jambo hili na ulitie akilini. Mwezi wa Agosti, ambao huko Marekani ni wa jua kali na mapumziko, katika Uasin Gishu ni mojawapo ya miezi yenye mvua nyingi zaidi. Mvua ya huko huanza Machi na huenda hadi Septemba. Isitoshe, Burnt Forest uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi, ambako tunadhani kuna baridi, ni kama mita 1,700 tu. Usiku wa huko joto hushuka hadi nyuzi kumi hivi, na wakati mwingine chini ya hapo. Usidanganywe na habari kwamba ikweta iko karibu.

Na kweli iko karibu. Ukiondoka Nairobi saa moja asubuhi, utapita Naivasha na Nakuru, kisha barabara ianze kupanda kupitia Salgaa na Sachang'wan hadi Mau Summit, pale njia ya Kericho inapochepuka kushoto. Wewe unaendelea moja kwa moja. Kabla ya kufika Timboroa utaivuka ikweta, huku umejifunika leso na vioo vya matatu vimejaa ukungu! Timboroa ni juu zaidi, kama mita 2,700. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ilipita hapo, na stesheni ya Timboroa ilisifika kuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza. Kutoka hapo barabara huteremka kidogo, misonobari ikisimama huku na huku, hadi uuone mji ulionyooka kando ya lami. Umefika. Eldoret, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, uko mbele yako kwa kilomita kama 40 hivi.

Jina la Burnt Forest ni la Kiingereza, na maana yake ni msitu ulioungua. Lakini ukiteremka leo hutaona majivu. Utaona viazi. Viazi vimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara, pamoja na karoti zenye matope na kabichi kubwa kama vichwa vya ndama. Utaona mitungi ya maziwa juu ya pikipiki, kondoo wenye sufu nzito, na nyuma ya maduka mashamba ya mahindi ambayo mwezi huo bado ni mabichi, kwani mavuno yake ni Oktoba na Novemba. Watu wanavaa gambuti kama wewe uvaavyo viatu vya ofisini. Hapa wanaishi Wakalenjin na Wakikuyu na wengineo. Sokoni utawasikia wakibishania bei kwa Kiswahili kilicho na lafudhi mbili tofauti.

Sasa nitakueleza lililotupata, maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa watatu: binti, mimi, na dada yangu mkubwa ambaye ni mamake. Mvua ilipozidi tulikimbilia baraza la duka moja. Mwenye duka, mama wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani, alitupa kigoda na kututazama viatu. Akatuuliza, "Mnatoka wapi, wageni?"

Dada yangu akajibu haraka, "Nairobi." Kisha akaugeuzia mji mgongo.

Nilinyamaza. Nilijua kwamba dada aliolewa katika mji huo huo akiwa msichana mbichi, na kwamba shamba lao lilikuwa mwendo wa saa moja tu kwa miguu kutoka pale tulipoketi. Mwezi wa Desemba 1992, siku chache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, ghasia za kikabila zilizuka katika eneo hilo. Maelfu walikimbia makwao na wengi wakajihifadhi makanisani. Dada alitoka usiku, kifungua mimba wake akiwa mgongoni, na hakurudi. Ghasia zikazuka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Burnt Forest ukaumia mara ya pili. Mambo hayo binti yake hakuyajua hata chembe. Alizaliwa Nairobi akakulia Nairobi. Kwake Burnt Forest lilikuwa jina tu kwenye barua.

Tulimnunulia gambuti na sweta nzito katika duka lile, tukapanda pikipiki mbili hadi chuoni kwa njia ya udongo, tukamkabidhi kwa matroni. Njiani kurudi Nairobi dada hakusema neno.

Basi ewe mzazi, na wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda mafunzo kama hayo, kwanza tuzungumzie sanduku, kisha nitarudi kwa dada.

Chukua blanketi mbili, si moja. Chukua sweta nzito, koti la mvua, soksi za kutosha na gambuti. Viatu vya kitambaa viache nyumbani. Weka tochi, kufuli, shuka, beseni na kikombe, sabuni, na sodo kwa wasichana hata kama siku zao hazijakaribia, kwa maana maduka yako mbali na mvua haina huruma. Biblia, daftari na kalamu usisahau. Kila kitu kiandikwe jina kwa wino usiofutika, kwa sababu bwenini sweta za rangi ya samawati huwa ishirini.

Ikiwa mtoto ana pumu, usimpeleke bila kipulizio chake, na umweleze matroni ana kwa ana. Hewa ya baridi huamsha pumu. Hata mtoto mwenye afya njema anaweza kuhema siku mbili za kwanza akipanda mlima, kwani hewa ya huko ni nyepesi. Aende polepole na anywe maji. Ukikumbuka kwamba wanariadha hupiga kambi nyanda hizo kwa sababu ya hewa hiyo hiyo, hutashangaa mwanao akichoka katika mchezo wa kwanza wa mpira.

Uliza maswali kabla ya kulipa. Nani anawajibika usiku? Mabweni ya wavulana na wasichana yametenganishwa vipi? Mtoto akiugua atapelekwa wapi, na nani atakupigia simu? Simu za wanafunzi zitakusanywa au la? Waandaaji wema hawachukizwi na maswali hayo. Anayechukizwa mkimbie.

Halafu mfundishe mwanao kazi. Katika kambi nyingi wanafunzi hupangiwa zamu za kufagia, kuosha vyombo na kusafisha vyoo, na watoto wetu wa mjini huona kazi hizo kama adhabu. Mwambie kwamba si mbali na hapo, Kaptagat, ndipo alipofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia mbio za masafa ya kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna mwezi wa Oktoba 2019. Alikaa kambini siku za juma mbali na familia yake, akilala katika chumba cha kawaida, na zamu ya kusafisha choo ilipomfikia aliishika kama wenzake. Bingwa wa dunia ameshika brashi, sembuse wa kidato cha pili?

Hayo ndiyo ya sanduku. Lakini lipo la pili ambalo halifungwi kwa kufuli, nalo ndilo sisi tulilolisahau.

Katika mafunzo kama haya mtoto hulala kitanda cha juu na mwingine wa chini ambaye hamjui. Atakuwa wa kabila jingine, wa dhehebu jingine, pengine anaomba kwa sauti ya juu ilhali wako amezoea kuomba kimya. Na jioni, wakishakunywa chai, wataulizana habari za kwao. Je, wako anajua za kwao? Amezisikia kutoka kwako, au atazisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni?

Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza jimbo la Katoliki la Eldoret tangu 1990 hadi alipofariki mwaka 2017, aliyajua haya. Mapema mwaka 2008 maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa lake kuu mjini Eldoret. Baadaye alipowapatanisha majirani, hakuwakusanya wote siku ya kwanza wakashikana mikono mbele ya kamera. Kila jamii iliketi kwanza peke yake, ikasema uchungu wake na kukiri makosa yake, ndipo wajumbe wachache wakakutana na wa upande wa pili. Hatua kwa hatua wakafikia kujenga pamoja shule, barabara na majosho ya ng'ombe. Njia hiyo aliiandika katika kitabu kidogo cha mwaka 2009 kiitwacho Amani Mashinani. Somo lake kwetu wazazi ni wazi: maandalizi huanzia nyumbani, kabla ya kukutana.

Sisi hatukuandaa. Siku ya kwenda kumchukua binti tulimkuta amenenepa kidogo, gambuti zimejaa matope, na pembeni yake yuko msichana aliyelala kitanda cha chini. Msichana huyo alikuwa mwenyeji wa Burnt Forest, wa jamii ile ambayo dada alikuwa akiinamisha sauti kila alipoitaja. Walikuwa wamelalia blanketi zao pamoja juma zima, kwa kuwa blanketi ya binti yetu moja, nyembamba, haikutosha. Yule msichana alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo mama, shikamoo mjomba," akatubebea sanduku hadi langoni.

Tulipofika stendini, binti akamgeukia mamake. "Mama, rafiki yangu ameniambia nyumba ya babu yake iliteketezwa mwaka 2008. Akasema hata watu wa kwetu waliteketezewa. Akaniuliza sisi tulikuwa wapi. Nikamwambia sijui. Mama, sisi tulikuwa wapi?"

Dada hakujibu mara moja. Alisimama akiitazama barabara kana kwamba anahesabu magari. Nami nilidhani atasema tena Nairobi, tukapanda matatu, mambo yakaisha.

Badala yake alivuka hadi duka lile lile. Mwenye duka alimtambua. "Mmerudi, wageni wa Nairobi?"

"Nipimie viazi ndoo moja, mama," dada akasema. Kisha akaongeza, taratibu, "Mimi si mgeni sana. Nilikuwa mwenyeji wa hapa. Upande ule, ng'ambo ya mto."

Yule mama aliacha kupima. Akamtazama dada usoni kwa muda, kisha binti, kisha tena dada. Hakuuliza la mwaka wala la nani alimfukuza nani. Alivuta kile kigoda tulichokalia siku ya mvua ya mawe, akakipangusa kwa kanga yake. "Basi keti," akasema. "Matatu ni nyingi."

Tuliketi. Saa nzima dada alisimulia, na binti alisikiliza habari za kwao palepale zilipotokea. Tulifika Nairobi usiku, na viazi vile vilikuwa vitamu ajabu.

Likizo ya Agosti huja kila mwaka, mpenzi msomaji. Fungasha gambuti mapema. Na jioni moja kabla ya safari, zima runinga, umwite mwanao, umsimulie.