Mtoko Wetu wa Uvunguni
Jamani, wengine mtoko wao ni hotelini. Sisi wa Ngulyati, huku Bariadi, wetu ni kumwaga oili ya gari nyumbani. Mume wangu anawasha injini dakika chache oili ilainike, anazima, anaingia uvunguni. Gari linakaa juu ya stendi za chuma, si jeki tupu, maana namtaka mzima! Oili chafu inachuruzika polepole kwenye beseni. Baadaye inaingia dumuni, hatuimwagi ardhini. Siku moja, tukiisubiri, tulielewana kuhusu pesa anazomtumia mama yake, zilizotununisha wiki mbili. Nikapaka oili raba ya filta mpya, akaikaza kwa mkono, akafunga nati. Tukajaza, tukapima kwa kijiti. Fundi utamlipa, sawa. Mazungumzo hayo utayanunua wapi?