Tablo ya Mjumbe wa Kongo: Ni ya Nani?

Mwezi huu tunawaalika kwa safari ndefu. Hatupandi treni wala kamyo. Tunafuata tablo moja, ni kusema picha iliyochorwa kwa mkono, kwa rangi ya mafuta juu ya ubao. Si kubwa, haifiki hata metre moja. Inatunzwa Danmark, nchi ya baridi kule kaskazini ya Ulaya, katika muze ya taifa ya mji wa Copenhagen. Lakini mtu aliyechorwa humo hakuzaliwa kule. Yeye ni mtu wa Kongo.

Mwangalie kidogo. Ni mwanaume mweusi, anakutazama sawa mtu asiyeogopa. Amevaa kofia yenye nyoya jekundu, na kifuani unapita mshipi mpana wa upanga unaong'aa. Jina lake ni Dom Miguel de Castro. Utauliza: huyu mtu wetu alifika Ulaya namna gani, na kwa nini anavaa hivi? Ulizo zuri. Basi turudi kule alikotoka.

Alitoka Soyo, pale mto wetu mkubwa unapoingia katika bahari. Kwa sisi wa Katanga ni mbali sana, na siku hizi Soyo iko upande wa Angola. Lakini zamani zile ilikuwa jimbo la ufalme wa Kongo. Wafalme wa Kongo walianza kupokea ubatizo mwaka wa 1491, wakati Nzinga a Nkuwu alipobatizwa. Njo maana wakubwa wa kule walikuwa na majina ya Kireno, na walijua kusoma na kuandika barua. Tusifikiri kwamba Mzungu alikuta watu wasiojua kitu.

Mwaka wa 1641 Waholanzi waliwanyanganya Wareno mji wa Luanda. Mwaka uleule Garcia wa Pili akawa mfalme wa Kongo. Yeye na mkubwa wa Soyo, konte Daniel da Silva, hawakusikilizana hata kidogo. Kila mmoja alitaka Waholanzi wawe rafiki zake. Ndipo konte akamtuma Dom Miguel avuke bahari. Mwaka wa 1643 alikuwa Recife, katika Brazil, kwa gavana wa Waholanzi anayeitwa Johan Maurits. Kisha akaendelea mpaka Uholanzi kwenyewe.

Hapa, msomaji, tuseme kweli yote. Waholanzi walitafuta nini kwetu? Walitafuta watu. Katika Brazil walikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya sukari, na kazi ile ilifanywa na watumwa. Na wakubwa wa Kongo na wa Soyo nao waliuza watu. Zawadi na barua zilipita baharini, lakini ndani ya merikebu zingine walifungwa baba na mama za watu, ambao hakuna mtu aliyewachora wala kuandika majina yao. Ukitazama kofia nzuri ya Dom Miguel, wakumbuke na wale.

Zawadi zilitoka pande zote mbili. Johan Maurits aliwapa wajumbe nguo za kitajiri na kofia. Yeye naye alipokea kutoka Kongo sahani kubwa ya feza. Ninyi mnaoishi karibu na mgodi, sikieni hii: sahani ile ilikuwa imetengenezwa Peru, ngambo ile ya Amerika. Ikafika Kongo, ikavuka tena bahari mpaka kwa Johan Maurits, na mwaka wa 1658 yeye akaitoa kwa kanisa moja la mji wa Siegen, katika Ujerumani, ili watoto wabatiziwe humo. Feza inatoka katika udongo wa watu fulani, na inamaliza safari mahali ambapo wale waliochimba hawatafika kamwe. Jambo hili tunalijua, si hivyo?

Turudi kwa tablo. Katika Uholanzi, Dom Miguel alipokelewa Middelburg, mji wa jimbo la Zeeland. Kule kulikuwa wakubwa wa Kompani ya Wahindi wa Magharibi, ile iliyofanya biashara ya sukari na ya watu. Wao ndio walioagiza mchoraji wa mji, anayeitwa Beckx, amchore mjumbe. Na hakuchorwa peke yake. Vijana wawili waliosafiri naye walichorwa pia, kila mmoja kwa ubao wake. Mmoja anashika pembe ya tembo, anaitwa Pedro Sunda. Mwingine anashika kisanduku chenye mapambo, anaitwa Diego Bemba.

Sasa ulizo la mali: mwenye tablo ni nani? Hesabu pamoja nami. Wa kwanza ni Kompani, kwa sababu ndiyo iliyoagiza kazi. Kisha zikafika mikononi mwa Johan Maurits. Mwaka wa 1654 huyu akampa mfalme wa Danmark, Frederik wa Tatu, zawadi ya tablo 26, na zetu zikaenda humo. Mfalme akaziweka katika nyumba yake ya vitu vya ajabu, pamoja na vitu vingine vilivyotoka mbali. Nyakati zikapita, mali ya mfalme ikawa mali ya taifa, na mwishoni zikaingia katika muze ile, ambayo nyumba yake ilifunguliwa mwaka wa 1896.

Umeona? Kompani, mtu wa cheo, mfalme, serikali. Katika mstari huo hakuna mtu hata mmoja wa Soyo. Na si kusema mtu aliziiba. Waliagiza wenyewe, wakapeana wenyewe. Kwa sheria hakuna wa kushitaki. Lakini moyo unauliza: uso wa mtu ni mali ya nani?

Kuna jambo lingine. Kwa sababu tablo hizi zilifika pamoja na kazi za Albert Eckhout, mchoraji aliyekuwa Brazil na Johan Maurits, watu walisema miaka mingi kwamba ni yeye aliyezichora. Halafu wenye kuchunguza wakasoma karatasi za Kompani, wakaona jina la Beckx wa Middelburg. Kumbe hata mchoraji anaweza kupotezewa kazi yake! Karatasi ndogo ya hesabu, ambayo mwingine angeitupa, njo iliyorudisha haki.

Na ndicho kitu kinachotugusa sana. Pedro Sunda na Diego Bemba walikuwa watumishi. Mchoraji angeweza kuandikwa, mjumbe pia, na wao wakabaki paka "mtumishi wa kwanza, mtumishi wa pili." Lakini majina yao yanajulikana mpaka leo, zaidi ya miaka 370 nyuma. Kwa sababu hiyo, mtu wa Kongo akisimama mbele ya tablo zile anaweza kuwasalimu kwa jina. Mali ilienda zake, lakini jina lilibaki.

Sasa funga safari, rudi nyumbani kwako. Ndani ya sanduku kuna foto za zamani: babu amesimama na wenzake wa kazi mbele ya shimo la mgodi, bibi na mtoto mgongoni. Watoto wako wanawajua? Au wanasema tu, "Huyu ni muzee fulani"? Leo jioni, mbele ya chakula, mwite mama mzee au tata mwenye kukumbuka. Geuza foto, chukua biki, uandike nyuma: jina, kijiji, mwaka. Andika na yule anayesimama pembeni, yule aliyebeba vyombo. Hatujui foto ile itafika mikononi mwa nani kesho. Lakini iende na jina lake.