Santuri Iliyosahauliwa

Hapa shuleni twabishana mara nyingi juu ya muziki, na neno lisemwalo zaidi ni kwamba gitaa la umeme lenye makelele ni jambo la Wazungu, wala halimfai Mwafrika. Napenda kuwaeleza habari za santuri moja inayokanusha neno hilo. Jina lake ni "Africa", nayo ilitolewa Zambia mwaka 1975 na vijana watano waliojiita Amanaz.

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Shaba ilileta fedha, na vijana wa miji ya migodi wakazisikia santuri za Jimi Hendrix na za bendi za Uingereza. Hawakuridhika na kuiga tu, bali walilitia gitaa hilo mwendo wa kwao, na muziki wao ukaitwa Zamrock. Bendi iliyosifika zaidi ni WITCH. Lakini bei ya shaba ilianguka, fedha zikapungua, na miaka ya baadaye ukimwi ukawachukua wanamuziki wengi. Santuri ya Amanaz ikabaki kwa watu wachache, mpaka ilipotolewa upya ng'ambo katika karne hii.

Yafaa isikilizwe usiku, jenereta za jirani zikisha kuzimwa. Gitaa moja hukwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, na jingine hulia polepole kandokando yake. Wimbo mzito ni "History of Man". Ulio mpole ni "Khala My Friend". Uko na mwingine uitwao "Kale". Nilipoliona neno hilo sikuhitaji kamusi, kwa maana Kinyanja na Kiswahili ni ndugu, na kale yao ndiyo kale yetu.

Aliyenisikilizisha ni mjomba wangu, aliyeishi Kenya miaka ya vita, kisha akarudi Juba. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, na hutunga nyimbo kwa Kibari na kwa Kiarabu cha Juba. Mwaka juzi aliliuza gitaa lake ili nilipiwe karo. Nilipomshukuru alinijibu, "Mwanangu, gitaa hununuliwa tena, lakini miaka ya shule hairudi." Tangu siku ile sijamsikia akiimba. Nyimbo zake hazikurekodiwa popote. Zimo kichwani mwake tu, naye sasa ni mtu mzima.

Hapo ndipo nilipoifahamu thamani ya santuri ile. Si kwamba vijana wa Amanaz walikuwa mahodari kuliko watu wote, bali kazi yao iliwekwa mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuikuta. Zambia ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu walipoitoa. Nchi yetu, iliyopata uhuru mwaka 2011, imekwisha kuupita umri huo. Je, wajukuu wetu watakuta nini?

Basi likizo hii mimi na wenzangu wawili tumekusudia kumrekodi mjomba kwa simu, wimbo baada ya wimbo, ikiwa tutapata gitaa la kuazima. Nawaomba wanafunzi wa zamani mlio hapa Juba: aliye nalo, hata likiwa limepungukiwa waya mmoja, ampelekee habari mhariri. Tutalitunza vema na kulirudisha.