Boriti za Shindagha

Wengi wetu tunaoishi Dubai tukipata wageni kutoka nyumbani huwapeleka kwenye maghorofa na maduka makubwa, wakapiga picha, tukarudi. Mimi wangu huanza nao Shindagha, na nikiwaingiza chumbani huwaambia watazame juu.

Shindagha ni ulimi wa mchanga penye mdomo wa hori, upande wa Bur Dubai. (Waarabu huliita khor, neno ni lile lile.) Mwaka 1833 watu wapatao 800 wa ukoo wa Al Bu Falasah, katika kabila la Bani Yas, walihama Abu Dhabi wakaja kukaa penye hori hili. Dubai ilikuwa kijiji: wavuvi, wazamiaji wa lulu, vibanda vya makuti ya mtende, na ngome ya Al Fahidi, iliyojengwa yapata mwaka 1787, ambayo ndiyo jengo kongwe kuliko yote yaliyosimama hapa mpaka leo. Nyumba kubwa ya Shindagha ilijengwa mwaka 1896. Ndiyo iliyokuwa makao ya Sheikh Saeed bin Maktoum, aliyetawala tangu 1912 hadi alipofariki 1958.

Sasa hiyo dari. Magogo yaliyopangwa juu wenyewe huyaita chandal. Sisi twayaita boriti, na yametoka kwetu: visiwa vya Lamu na delta ya Rufiji. Huku hapakuwa na mti mrefu, mgumu, usioliwa na mchwa. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939, akaona mabaharia wakizipakia Rufiji, ndani ya matope na mbu. Tusisahau pia kwamba miaka ya nyuma zaidi vyombo vya biashara hiyo vilichukua watu, si miti peke yake.

Mti ndio uliowapimia wajenzi. Boriti haiendi mbali zaidi ya mita 3 hivi bila kupinda, kwa hiyo vyumba vya hapa ni virefu na vyembamba, kama vyumba vya kwetu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, kama za kwetu. Mgeni wangu mmoja, mama mtu mzima wa Lamu, alisimama mlangoni akauliza, "Mbona hapana zidaka?" Kwake yeye hicho tu ndicho kilichokosekana.

Babu yangu alikuwa mkata mikoko. Alifahamu boriti, mazio, pau na fito kwa kuzishika tu, na alihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Walikata wakiwa ndani ya tope, wakangoja maji ya bamvua yaingie ili mtepe wa kazi, kama alivyouita mtumbwi wake kwa mzaha, upate kuelea na mzigo. Miti ile iliishia wapi hakujua, wala hakuuliza. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuipeleka nje. Zamani hizo simiti na chuma vilikwisha kuingia Ghuba, na soko lenyewe lilikuwa limepungua.

Mwendo mfupi kutoka Shindagha kuna Bastakiya, ambayo tangu 2012 inaitwa mtaa wa kihistoria wa Al Fahidi. Waliijenga wafanyabiashara kutoka Bastak, Uajemi, waliohamia hapa ushuru ulipopanda bandarini Lingeh. Minara yao ya upepo iko wazi pande nne. Hushika upepo wowote upitao na kuushusha chumbani. Miaka ya 1980 karibu nusu ya mtaa ilibomolewa, na uliosalia nao ulikuwa ubomolewe. Mwaka 1989 mjenzi Mwingereza, Rayner Otter, aliyekuwa akiishi humo, alimwandikia Mwanamfalme Charles, ambaye leo ni mfalme. Charles alipokuja Dubai mwaka huo aliutembelea, akausifu, na mtaa ukapona.

Nafurahi kwamba ulipona. Lakini piteni alfajiri mwone: nyumba za sanaa, mikahawa, mapazia safi, na hakuna mtoto anayelia wala sufuria inayogongwa. Wenyewe walishahama zamani, wakafuata nyumba mpya na umeme. Lamu, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, bado watu wanazaliwa ndani ya nyumba zile.

Swali hilo limenifika mlangoni. Nyumba yetu Mkomani ni ya warithi sita. Chumba cha juu dari imeoza, na amepatikana mnunuzi wa Ulaya mwenye bei nzuri, mpenda mambo ya kale, ambaye bila shaka ataitengeneza vizuri kuliko sisi. Kaka yangu asema tuuze tugawane kwa faraidh, na simlaumu. Yeye ndiye anayeweka ndoo chini ya vuja kila masika.

Nimewaandikia kwamba fungu langu siuzi, na kwamba nitaleta pesa za boriti kabla ya mvua. Dada yangu amejibu kwa mstari mmoja: "Vyema, na nani atalala humo?" Sijamjibu bado. Wanangu watatu wamezaliwa Dubai, na mkubwa ndiyo kwanza amepata kazi hapa.